Walishinda mu kiwanja, wakashindwa mu bureau

Ndugu zetu wa mu mine, na ninyi mama zetu munaobaki ku nyumba mukihesabu siku za paie, leo hatuanze na tani za shaba wala bei ya cobalt. Leo tunaongea mupira. Na si mupira wa hapa kwetu: ni wa Kuwait, ile inchi ndogo ya Waarabu kule ku Golfe, inayoishi na petroli sawa vile siye tunaishi na mawe. Juu ya nini Kuwait? Juu kuko ekipe moja kule, historia yake inaweza kutufundisha siye watu wa sendika kuliko maséminaire mengi tuliyokaa.

Ile ekipe inaitwa Al-Kuwait. Ilianzishwa tarehe 20 Oktoba 1960, ule mwaka wetu wa uhuru. Kuwait yenyewe ilikuwa bado chini ya ulinzi wa Uingereza, ikapata uhuru wake Juni 1961. Ni kusema ekipe ni mukubwa kuliko uhuru wa inchi. Kiwanja chake kiko Kaifan, mu muji mukuu, na wapenzi wake wanaiitaka Al-Ameed, maana yake "doyen". Washindani wake wakubwa ni Al-Arabi na Qadsia, nazo za 1960. Championnat ya kwanza, 1961-1962, Al-Arabi njo iliikamata.

Pesa ilitoka wapi? Chini ya udongo. Petroli ya Burgan ilionekana 1938, na mu 1946 meli ya kwanza ikaibeba kwenda inje. Toka pale serikali ikajenga mashule, mahospitali, na viwanja vya mupira. Tuseme kweli: mali ya udongo ilionekana mu maisha ya raia. Siye tunaopita kila siku ku barabara ya vumbi, makamio ya minerai yakitupita, tunajua ile si kitu kidogo.

Lakini pesa ikiingia, wakubwa nao wanaingiaka. Wazee wetu wanakumbuka Kombe la Dunia la 1982, kule Espagne. Kuwait ilicheza na Ufaransa, ku Valladolid. Filimbi ikasikika kutoka mu watu, wachezaji wa Kuwait wakasimama, wakifikiri ni arbitre. Giresse akaendelea, akatia goli. Pale Sheikh Fahad Al-Ahmed, mukubwa wa mupira wa Kuwait na ndugu ya Emir, akashuka toka ku tribune mupaka mu kiwanja. Arbitre akaikatala ile goli. Watu walicheka, wengine walipiga makofi. Lakini mwisho wa mechi ilikuwa nini? Ufaransa 4, Kuwait 1. Mukubwa alishinda mabishano, wachezaji wakashindwa mechi.

Tusicheke sana. Mu 1974, ku Allemagne, siye wenyewe tulikuwa Zaïre, na wachezaji wetu walisemaka kwamba primes zao hazikuwafikia. Mwepu Ilunga, mutoto wa Mazembe, ile mupira aliopiga mbele ya Wabrazil, dunia yote ilimucheka kama mutu asiyejua sheria. Yeye kisha alieleza kwamba alijua vizuri, ilikuwa hasira. Mufanyakazi asiyelipwa, hasira yake inatokaka ku mahali yoyote.

Turudie Kuwait. Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Irak yaliingia. Ile siku yenyewe Sheikh Fahad aliuawa ku jumba la Dasman, na tunamupa heshima yake: siku ya hatari hakukimbia. Inchi ilikaliwa miezi saba. Waaskari wa Irak walipoondoka, waliwasha moto visima vya petroli zaidi ya 600. Wafanyakazi wa kule na wa inje walizima kimoja kimoja, mu moshi na mu joto, mupaka Novemba 1991. Wewe unayejua gaz ya mu galerie, fikiri ile kazi.

Ekipe haikufa. Mu 2009 Al-Kuwait ilikamata Kombe la AFC, ile ya pili mu Asia, sawa vile kwetu Kombe la Confédération. Mu 2012 ikaikamata tena, na angalia wapi: ku Arbil, mu Irak yenyewe, mbele ya ekipe ya pale, 4-0. Miaka 22 kisha vita, vijana wa Kuwait walienda kwa jirani na viatu vya mupira, wakarudi na kombe. Mu 2013 tena, mara hii wakashinda ndugu zao Qadsia 2-0 mu finale. Mu 2014 ikawa zamu ya Qadsia. Ile kombe ilikuwa kama chungu cha nyumba.

Sasa sikilizeni, hapa njo tulitaka kufika. Mu 2015 Al-Kuwait na Qadsia zote mbili zilifika demi-finale. Zote mbili zilicheza mechi ya kwanza. Ilibaki mechi moja moja. Na tarehe 16 Oktoba, siku chache mbele ya ile mechi ya pili, FIFA ikasimamisha Kuwait. Makosa ya wachezaji? Hakuna. Wakubwa wa serikali na wakubwa wa mupira walikuwa wanagombana juu ya sheria ya michezo: nani anaamuru, nani anachagua kamati. FIFA ikasema serikali inaingilia, ikafunga mulango. Ekipe zote mbili zikatolewa. Ekipe ya taifa nayo ikapoteza njia ya Kombe la Dunia la 2018.

Mulango ulifunguliwa Desemba 2017, kisha inchi kupitisha sheria mupya. Miaka miwili na zaidi. Mu 2017 Al-Kuwait ilikamata championnat ya ndani, lakini inje haikuweza kwenda. Kwa mukubwa wa bureau, miaka miwili ni fasi mbili za kutia cachet. Kwa muchezaji wa miaka 30, ile ni kazi yake yote imekwisha.

Tusiseme serikali haina haki ya kuuliza. Viwanja vinajengwa na pesa ya petroli, na petroli ni ya watu wote. Kuomba hesabu ni haki. Lakini kuomba hesabu na kushika filimbi si kitu kimoja. Na viongozi wa mupira nao, kusema "FIFA itatulinda" juu wasitoe hesabu, ile si uhuru. Pande zote mbili zilisema zinapigania mupira. Mupira njo ulilipa.

Ndugu, juu ya nini tunawaeleza haya? Juu siye wenyewe tulifanya vile. Ku site moja tuliyotumika, wakati wa uchaguzi wa délégués, tulitoka na liste mbili za watu waliokula chungu kimoja. Tuligombania kiti, tukapelekana ku Inspection du travail, tukatukanana mbele ya wake zetu. Wakati ule ule patron alikuwa anangojea mutu wa kuongea naye juu ya mushahara na masque za vumbi. Alingojea bila shida. Mwisho alisema: "Hatujui nani ni sendika ya kweli." Mwaka ukapita, mushahara ulibaki pale pale. Mama mumoja alituuliza: "Bakubwa, munagombana juu yetu ao juu ya kiti?" Hatukuwa na jibu.

Kwa hiyo, mbele ya uchaguzi unaokuja, tunaomba mambo matatu. Sheria za sendika ziandikwe na zisomwe kwa sauti mbele ya wote, mu Swahili. Caisse ionyeshwe kila miezi tatu, bila mutu kukasirika akiulizwa. Na tukigombana, tugombane mu mukutano wetu, lakini mbele ya patron twende na sauti moja.

Wachezaji wa Al-Kuwait walifanya kazi yao. Mechi ya pili hawakuicheza mupaka leo. Yetu bado haijachezwa. Tusiiuze mu bureau.