Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mgonjwa wa Presha Naye Apewe Kadi

Mheshimiwa Waziri,

Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, wagonjwa wengi ambao zamani wangepelekwa India wanatibiwa Dar es Salaam. Ni hatua ya kujivunia, na barua hii haiibezi. Hoja yangu ni kwamba kuzibua mshipa wa moyo ni tiba ya mwisho wa ugonjwa uliochukua miaka mingi, ilhali mwanzo wake, ambako fedha kidogo huokoa wengi, hatujauwekea utaratibu.

Mishipa ya koroni, inayolisha msuli wa moyo, huharibika polepole. Presha, moshi wa sigara na kisukari huumiza ukuta wake wa ndani. Lehemu hupenya palipoumia na kujenga utando. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake, mshipa huziba, na msuli ulionyimwa damu huanza kufa kabla ya saa moja kupita. Kigoma iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Hata tukiongeza maabara za moyo mikoani, wengi hawatawahi. Ni lazima basi tuanzie mwanzo, kwenye presha, nayo haiumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajijui, na takriban mmoja tu kati ya watano ndiye aliyeidhibiti. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliikuta kwa takriban robo ya watu wa miaka 25 hadi 64.

Mheshimiwa, nchi hii tayari inajua kumtunza mtu anayehitaji kidonge kila siku maisha yake yote. Anayeishi na VVU ana namba ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC), kadi, tarehe ya kurudi, na mtu wa kumtafuta asipotokea. Mwenye presha mara nyingi hugundulika alipokwenda kutibiwa kitu kingine. Huandikiwa dawa, hujinunulia, na akiacha hakuna anayemuuliza. Utafiti wa SEARCH, uliofanyika katika jamii 32 za Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, uliunganisha huduma za VVU na za presha. Baada ya miaka mitatu, waliodhibiti presha walikuwa asilimia 47 katika jamii zilizopata huduma hiyo, na asilimia 37 kwingineko.

Wapo watakaosema kwamba CTC zilijengwa kwa fedha za wafadhili. Ni kweli, lakini ninachoomba tuazime ni kadi, rejista na ufuatiliaji, yaani ujuzi ambao wauguzi wetu wanao tayari. Dawa kama amlodipini haina hataza na ni ya bei nafuu. Uchambuzi wa tafiti 123 uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kila namba ya juu ya kipimo cha presha inaposhuka kwa milimita 10 za zebaki, ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa asilimia 17 na kiharusi kwa asilimia 27. Kumuuguza aliyepooza ni ghali zaidi, kwa Serikali na kwa familia.

Wengine watasema watu wapunguze chumvi, waache sigara na watembee. Naam, wafanye hivyo. Lakini anayejiona mzima hana sababu ya kusikia ushauri huo. Hapo ndipo kipimo kinapoufungulia mlango.

Kwa hiyo naomba mambo manne. Kila mtu mzima anayefika zahanati, hata kwa malaria, apimwe presha. Wizara na TAMISEMI, yenye zahanati hizo, ziweke rejista na kadi ya mwenye presha. Bohari ya Dawa izihesabu dawa za presha kuwa zisizoruhusiwa kukosekana, na bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, izigharimie. Mwisho, kila halmashauri itangaze kila mwaka ina wagonjwa wangapi wa presha na wangapi wameidhibiti. Bila takwimu hiyo, tutaendelea kupima mafanikio kwa idadi ya mishipa tuliyozibua, wala hatutajua ni mingapi tungeweza kuizuia isizibe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi