Siri ya Silaha Isiwe Siri ya Bei

Lori lenye shehena likifika Horohoro kutoka Lunga Lunga, halivuki mpaka kwa heshima ya mwenye mali. Hati ya bei hukaguliwa, na afisa wa forodha akiona kwamba bei iliyoandikwa hailingani na bidhaa iliyomo, sheria inampa mamlaka ya kuikataa na kukadiria thamani upya. Hakuna mwananchi wa Mkinga anayeona ajabu kwa jambo hilo. La ajabu ni kwamba uangalifu tunaoutumia kwa mafuta ya kula na mitumba hatukuutumia nchi ilipojinunulia rada kwa karibu dola milioni 40.

Habari za rada ile si ngeni, lakini yafaa zikumbushwe, maana watumishi wengi walioajiriwa karibuni wanalijua neno "chenji ya rada" bila ya kukijua kisa chake. Novemba 2001 Tanzania ilifikia hatua ya kusamehewa sehemu ya madeni yake ya nje kwa sababu ya umaskini wake. Desemba ya mwaka huo huo Serikali ya Uingereza ikatoa kibali ili kampuni ya BAE Systems ituuzie mtambo wa kuongozea ndege za kiraia na za kijeshi, kwa fedha za mkopo. Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliipinga biashara hiyo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga nalo liliuona mtambo kuwa ghali na usiotosheleza kazi za kiraia. Rada ikaja hivyo hivyo. Baadaye wapelelezi wa Uingereza, wala si wa kwetu, wakabaini kwamba kampuni ilikuwa imelipa kiasi cha dola milioni 12.4 kwa wakala wake wa biashara. Desemba 2010 mahakama ya Southwark, London, iliitoza faini ya pauni 500,000 baada ya kukiri kosa la kutotunza hesabu sahihi. Pauni milioni 29.5 zikarejeshwa, zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Mwalimu aliyegawa vitabu vile hakugawa hisani ya mtu. Aligawa fedha ya Watanzania iliyopitia mikono mingi kabla ya kumfikia.

Wako watakaosema kwamba mambo ya ulinzi ni siri. Ni kweli. Sisi wa mpakani, wenye kambi ya JKT Maramba wilayani mwetu, hatuna haja ya kufundishwa maana ya ulinzi. Lakini siri ni ya uwezo wa silaha na mahali ilipo; adui hapati faida yoyote kwa kuwa bei imepimwa na mtu anayejua kupima. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2023, ilivitaka vyombo vya ulinzi kutenga orodha mbili za manunuzi, ya wazi na ya siri. Haikusema kwamba kilichomo katika orodha ya siri kinunuliwe bila ya utaalamu.

Na utaalamu huo ni watu. Tangu 2007 tunayo Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, yenye kusajili na kutahini. Hata hivyo, afisa ugavi aghalabu huitwa wakati uamuzi umekwisha kupitishwa, aje kukamilisha makaratasi. Mhandisi ambaye angeandika mahitaji ya mtambo huletewa maelezo yaliyoandikwa na muuzaji mwenyewe. Akianza kuuelewa mkataba, anahamishwa. Muuzaji yeye hahamishwi. Ana watu waliofanya kazi hiyo moja kwa miaka ishirini.

Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitia saini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa zaidi ya shilingi bilioni 60, thamani isiyofikia dola tulizolipia ile moja. Mitambo hiyo si ya namna moja, na miaka imepita. Tofauti hiyo hata hivyo yatosha kumkosesha usingizi mlipa kodi.

Hapana budi, basi, wizara zenye manunuzi ya ulinzi ziwe na kundi dogo la wahandisi, wahasibu na maafisa ugavi walioapishwa kutunza siri, wanaoingizwa tangu siku ya kwanza na kuachwa kazini hadi mkataba umalizike. Mmoja wao akiandika kwamba bei haikubaliki, barua yake ibaki jaladani, na atakayeipuuza aandike sababu zake chini yake, kwa jina na cheo.