Nimefuta ile video yangu ya Gede

Wale mmenifuata tangu kitambo mnaijua. "Mji uliopotea wa Kenya: hakuna anayejua nani aliujenga." Sekunde hamsini, muziki wa kutisha, picha za magofu nilizookota tu mtandaoni. Hakuna video yangu ingine imewahi kutazamwa vile. Jumatatu nimeifuta. Mmeniuliza sana mbona, so wacha niseme yote hapa.

Kwanza niungame. Wakati naiweka, sikuwa nimewahi kukanyaga Gede. Nilikuwa Umoja, kitandani, na simu. Mwezi uliopita ndio nilienda Malindi kupiga picha za harusi, nikabaki na siku moja ya bure. Nikapanda matatu ya kuelekea Mombasa, nikashuka Gede, pale barabara ya Watamu inakata. Nilitaka kutengeneza sehemu ya pili, ile ya majini. Majini huuza, manze.

Pale nikapata mzee anayetembeza wageni. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nataka unionyeshe mahali penye majini."

Akacheka. "Marahaba, mwanangu. Kwanza nikuonyeshe choo."

Na kweli akanionyesha choo. Choo cha shimo, ndani ya nyumba ya mawe, ya watu walioishi hapo miaka mia kadhaa iliyopita. Akanionyesha visima, na mahali watu walitawadha kabla ya kuingia Msikiti Mkuu. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zimesimama katikati ya msitu, nyani wanapita juu yake kama wenye nyumba. Nyumba zingine zimepewa majina kulingana na kilichochimbuliwa ndani. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Sarafu za Kichina, na huyo mwenye sarafu hakuwahi kusikia kitu kinaitwa SGR. Halafu akanisimamisha kwa kaburi moja lenye tarehe: mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399.

Hapo nikaskia aibu kidogo. Mji umeandika tarehe kwa jiwe, na mimi nimeambia watu hakuna anayejua kitu.

Nikajaribu tena. "Lakini mzee, huu mji ulipotea lini?"

"Ulipotea kwa nani?" akaniuliza. "Babu zetu walikuwa wanapita hapa. Walikuwa wanakuja hapa kuomba. Aliyepotea ni yule aliyekuwa anautafuta."

Hiyo swali imekaa na mimi tangu siku hiyo. Ulipotea kwa nani? John Kirk alifika Gede 1884, serikali ya kikoloni ikauweka kwa orodha ya makumbusho ya kihistoria 1927, James Kirkman akaanza kuuchimba 1948. Kazi ya Kirkman naiheshimu, bila hiyo tusingejua mengi. Lakini ukisema "uligunduliwa", unasema Wagiriama waliolima pembeni yake hawahesabiki. Mimi ndiye nilisema hivyo, kwa sekunde hamsini.

Na ile "hakuna anayejua nani aliujenga" ni mbaya zaidi. Tunajua. Ni Waswahili. Kwa muda mrefu wasomi wa kizungu waliandika kuhusu miji ya pwani kama imeletwa na meli, Waafrika wakiwa wabeba mawe tu. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Gede haikuwa kati ya hiyo, lakini ni dunia ileile. Walipata watu wengi walichanganya damu: mama za Kiafrika, na baba wengi kutoka Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kama mwaka wa 1000. Hao si wageni waliopita na kwenda. Hao ni watu wa hapa, na wajukuu wao bado wanatembea Malindi na Lamu.

Nikarudi kusoma komenti za video yangu. Mmoja anasema ni viumbe vya angani. Mwingine anasema "sisi hatungeweza hii." Komenti hiyo ilipendwa na mamia. Chini kabisa kuna kijana ameandika, "hapo ni kwetu, nyanya yangu anaishi karibu, uliza tu." Alipendwa na watu watatu. Sikumjibu. Hiyo ndiyo imenifanya nifute.

Najua mtaniambia fumbo huleta wageni, na wageni huleta doo. Sawa. Lakini mafumbo ya ukweli yapo na ni matamu kuliko yangu. Ukuta wa nje unazunguka kama ekari 45. Baadaye ukajengwa ukuta wa pili, wa ndani, kulinda sehemu ndogo zaidi. Mbona mji ujikunje hivyo? Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wamehama. Ni visima kukauka? Ni mashambulizi? Ni biashara kuharibika wakati Wareno wako baharini? Watafiti bado wanabishana. Hiyo ndiyo stori, na haihitaji jini.

Labda imenigusa kwa sababu ya nyumbani. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Tangu hapo shangazi yangu huambia watu, "yule kijana alipotea." Shangazi, sijapotea. Niko Umoja, nalipa kodi ya nyumba, namba ni ileile. Hakuna mtu amenipigia kuniuliza nafanya nini.

Gede iliingizwa kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2024. Wageni wataongezeka, na wenye kamera kama mimi wataongezeka. Ombi langu kwa wenzangu ni moja: ukifika pale, zima hiyo muziki ya kutisha, usipande kuta, na uulize mwenyeji kabla ya kuandika kichwa cha video.

Yangu mpya iko juu leo. Inaanza na choo. Watazamaji bado ni wachache, lakini yule kijana wa nyanya nimemtafuta, na ameshanirekebisha mahali pawili.