Ukikiri kosa la kuendesha ukiwa umelewa, rufaa yako inabaki na nafasi finyu

Dereva wa bodaboda anakamatwa, anapimwa ulevi, anafikishwa mahakama ya wilaya. Pembeni anashauriwa: "Wewe kiri tu, ulipe faini uende nyumbani." Anakiri. Kesho yake anataka kukata rufaa.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania haimruhusu aliyekiri kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa mno au si halali.

Hata hivyo, katika shauri la Laurent Mpinga la mwaka 1983, Mahakama Kuu ilitaja mianya 4: kukiri kuwe na utata, mshtakiwa awe alikiri bila kuelewa, shtaka lisionyeshe kosa, au maelezo aliyoyakubali yasitoshe kumtia hatiani. Aliyejibu, "Ni kweli nilikunywa, lakini sikulewa," jibu lake lina utata.

Aliyekana kosa ana uwanja mpana zaidi: anaweza kuhoji kipimo na ushahidi wote.

Muda nao haungoji. Notisi ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala za mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Aliye gerezani hupitishia kwa mkuu wa gereza.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kutamka "ni kweli" mbele ya hakimu, sikiliza shtaka lote. Usipoelewa, omba urudiwe kusomewa.