Je, Jina Jema Latosha Kumrudisha Mtu Barazani?



Katika mikutano ya matawi yetu husikika sana neno hili: "Sisi wakulima tukishampata mtu wetu, anayetujua na tunayemjua, hapana wa kumng'oa, na mambo yetu yamekwisha tengenea." Neno hili lina utamu, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo nitakayo kuizungumza katika ukurasa huu, kwani chama kinachojenga nyumba yake juu ya nusu ya kweli kitalala nje siku ya mvua.

Mfano wangu nautoa mbali, na kwa makusudi. Nikiutoa hapa kwetu, kila msomaji atatazama kwanza rangi ya bendera, kisha ndipo asome maneno. Basi nautoa Marekani, katika jimbo la Montana, kwa mkulima mwenzetu, Bwana Jon Tester.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1956. Shamba lake liko karibu na mji mdogo uitwao Big Sandy, katika ardhi ambayo babu na bibi yake walianza kuilima mwaka 1912, eka kama 1,800 za ngano, dengu na mazao mengine ya nafaka. Alipokuwa na umri wa miaka 9 mashine ya kusagia nyama ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Alisomesha muziki skuli, akakaa katika kamati ya skuli za mji wake, na mwaka 1998 akachaguliwa kuingia Seneti ya jimbo, baada ya kuudhika na namna biashara ya umeme ilivyoachiliwa huru pasipo kutazamwa mlipaji. Mwaka 2006 alisimama kugombea Seneti ya nchi nzima, akamwangusha aliyekuwa akikikalia kiti kile kwa kura 3,500 hivi. Akashinda tena mwaka 2012, na mara ya tatu mwaka 2018. Miaka yote hiyo hakuliacha jembe. Watu wa Montana walimjua kuwa ni mtu wa shamba.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Montana kwa muda mrefu imempa Rais wa chama cha Republican kura zake, na Bwana Tester ni wa chama cha Democratic. Mwaka 2012, katika kila kura 100 za Urais jimboni humo, Mitt Romney wa Republican alipata 55, na Barack Obama wa Democratic alipata 42 tu. Walakini siku ile ile, kwa watu wale wale, Bwana Tester alipata 49 na mpinzani wake 45. Maana yake ni kwamba maelfu ya watu walipiga kura mbili, moja wakampa mtu wa chama hiki, na ya pili wakampa mtu wa chama kile. Kwa hesabu hii jina la mtu lilipindua kama kura 17 katika kila 100. Si jambo dogo. Hii ndiyo nusu ya kweli niliyoisema.

Ikaja Novemba 2024. Katika Urais Donald Trump alipata Montana kura 58 katika kila 100, na Kamala Harris 38. Tofauti ikawa 20. Bwana Tester alipata kura zipatazo 45 na nusu, na mpinzani wake, Bwana Tim Sheehy, akapata karibu 53. Basi kiti alichokikalia miaka 18 kikamtoka.

Msiseme alilala. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayoshughulikia askari wastaafu, na alisukuma sheria ya mwaka 2022 ya kuwasaidia askari waliodhurika kwa moshi wa takataka zilizokuwa zikichomwa kambini. Wala msiseme hakuona wimbi likija. Julai 2024 alimtaka hadharani Rais Joe Biden, wa chama chake mwenyewe, asigombee tena. Na Agosti chama chake kilipofanya mkutano mkuu Chicago, yeye hakwenda. Alifanya kila awezalo mtu kufanya ili watu wamtazame yeye peke yake, wasikitazame chama. Na kwa hakika wengi walimtazama hivyo, kwani alimpita mgombea Urais wa chama chake kwa kura 7 katika kila 100. Lakini tofauti iliyokuwa mbele yake ilikuwa 20, na jina lake safari hii liliweza kupindua kama 13 tu.

Wenzetu wanajua jambo hili shambani. Mkarafuu uliopaliliwa vizuri huzaa kuliko jirani zake. Lakini ukiwa mwaka mbaya kisiwa kizima, nao huzaa kidogo, na hapana mpalilio uwezao kuugeuza mwaka.

Yuko atakayeniambia kwamba hii ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Nami nitamjibu kwa mifano miwili. Mwaka 2020, katika Montana hiyo hiyo, Gavana Steve Bullock, aliyekuwa amekwisha chaguliwa mara mbili kuliongoza jimbo na kupendwa, aligombea Seneti kwa chama cha Democratic, akashindwa kwa kura 10 katika kila 100. Lakini mwaka huo huo, katika jimbo la Maine, Bibi Susan Collins wa Republican alishinda kwa karibu kura 9 katika kila 100, ilhali Rais wa chama chake alishindwa huko kwa kura 9 vile vile. Wengi walikuwa wamekwisha mtabiria kuanguka. Na hata mwaka 2024, majimbo ya Michigan, Wisconsin, Arizona na Nevada yalimpa Bwana Trump Urais, lakini viti vya Seneti yakawapa wa Democratic. Katika majimbo hayo yote manne tofauti ya Urais haikufika kura 6 katika kila 100.

Basi kanuni iko wazi. Mwogeleaji hodari huuvuka mkondo wa wastani. Bamvua likijaa, nguvu zile zile hazimfikishi ng'ambo. Anayetaka kujua kama mtu wake atarudi Barazani asiulize tu, "Je, watu wanampenda?" Na aulize mambo mawili: mtu huyu huongeza kura ngapi juu ya zile za chama chake, na chama chake kiko nyuma kwa ngapi? La kwanza likiwa dogo kuliko la pili, nyimbo na vigelegele havitamfaa.

Liko jambo jingine ambalo huwapita wengi. Mapenzi ya mtu hukaa kwa wale wamjuao. Hesabu ya watu wa Montana mwaka 2010 ilikuwa kama 989,000. Mwaka 2020 ikawa kama 1,084,000. Katika hao walioongezeka wamo wengi waliohamia kutoka majimbo mengine, ambao hawakumwona Bwana Tester akiwa kijana, wala hawakusomeshwa naye, wala hawana khabari ya ule umeme wa zamani. Kwao yeye alikuwa jina katika karatasi, na pembeni mwa jina liko neno la chama. Mgeni husoma lile neno la pembeni.

Baadhi ya watu husema, "Basi wale wa Montana hawana shukrani." Mimi sikubali. Seneti ya Marekani ina viti 100, na chama chenye viti vingi ndicho huamua nani akae kiti cha mwenyekiti katika kila kamati na jambo gani liletwe mezani. Mpiga kura aliyempenda Bwana Tester kwa nafsi yake, lakini akataka Baraza lishikwe na upande wa pili, hakuwa na njia ya kuyapata yote mawili. Akachagua. Chama cha Republican kikatoka katika uchaguzi ule na viti 53. Mtu huyo aweza kuwa amekosea au amepata, lakini alijua alifanyalo, na hapana haki ya kumwita mwizi wa fadhila.

Walakini asije mtu akatoka katika maneno haya akasema, "Ikiwa wimbi ndilo liamualo, mimi nitakaa barazani kwangu ninywe kahawa." Sisi watu wa visiwa hivi ndio wa mwisho kuruhusiwa kusema hivyo. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja. Kura moja! A.S.P. wakawa na viti 10, Z.N.P. 9 na Z.P.P.P. 3, na Z.P.P.P. walipogawanyika, pande mbili zikasimama 11 kwa 11, hata ikalazimu nchi irudi katika uchaguzi Juni mwaka ule ule. Lau isingalikuwa kura ile moja, hesabu ile isingalipatikana. Wimbi huamua pale tofauti ilipo kubwa. Pale ilipo ndogo, huamua yule aliyeondoka kitandani akaenda kupanga foleni.

Sasa yatuhusu nini sisi wenye mikarafuu? Yatuhusu sana. Mambo yetu mengi hayamaliziki shambani. Bei, mizani ya kituoni, miche, barabara za kupitishia magunia, na haki ya mchumaji aangukaye kutoka juu ya mti, yote huishia katika meza ambazo hatukai sisi. Tukiyatia mambo haya yote kichwani mwa mtu mmoja, hata awe mwema namna gani, siku atakayoondolewa na wimbi atakwenda nayo nyumbani kwake, nasi tutaanza upya kumweleza mgeni tofauti ya karafuu na makonyo.

Kwa hiyo nashauri, na Kamati ikipenda ilipime, kwamba kila tawi liandike mahitaji yake kwa karatasi, kwa jina la Chama na si kwa jina la mtu. Karatasi hiyo apewe kila mgombea wa kila upande kabla ya uchaguzi, na jibu lake lisomwe mbele ya wanachama. Nakala iwekwe ofisini. Atakayerudi atarudi ameahidi, na atakayeingia mpya ataingia anajua.

Najua wako watakaosema kwamba huku ni kuwa popo, si ndege wala si mnyama. Mimi nasema mwanachama na awe ndege au mnyama apendavyo; kura ni yake, na siku ya kupiga hapana Katibu wa kumwuliza. Lakini Chama hiki kinao ndani yake watu wa pande zote, na wote huanika karafuu zao katika jua moja. Chama kikijifunga kamba na mtu mmoja, kimewafungia nje nusu ya wenyewe, na tena kimejiweka tayari kuzama siku atakayozama yeye.

Na wale ambao sasa wana mtu wao Barazani na wanampenda, wasijivunie jina lake. Wamwambie azunguke kwa wageni waliohamia na kwa vijana waliopata kura juzi, kwani hao hawayajui mema yake ya zamani. Mtumai cha nduguye hufa maskini, na mgombea atumaiye sifa za miaka 20 iliyopita naye hali yake ni hiyo.

Matawi yatakayotaka kulizungumza jambo hili na yaliingize katika mkutano wao kabla hatujatandika majamvi ya msimu, kwa maana uchumaji ukianza hapana atakayekuwa na nafasi ya kukaa kitako. Majibu yaletwe ofisini kwa maandishi.

Wassalaam,
Katibu