Usichukue Mkopo wa Kikundi Ukaulipia Tangazo la Mtandaoni



Wiki mbili zilizopita nilikaa viti vya nyuma kwenye semina ya vikundi vya wanawake na vijana. Mtoa mada, kijana mtanashati aliyetoka mjini, aliwaambia watu watenge theluthi ya mkopo wao kwa ajili ya "kubusti" biashara mtandaoni. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Sikumjibu pale kwa sababu alikuwa mgeni, lakini nikaondoka roho ikiniuma, na leo namjibu.

Mkopo wenyewe ni ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba, ni kweli, lakini unarejeshwa. Ukinunua mashine ya kukaangia kahawa, hata biashara ikiyumba mashine ipo, unaweza kuiuza. Ukinunua tangazo, siku saba zikiisha unabaki na laiki. Laiki hazipokelewi kwenye marejesho.

Nina mfano wa karibu. Mama mmoja wa upande wa Rhotia anakaanga kahawa yake na kuifunga pakiti za robo kilo. Kahawa nzuri, mimi mwenyewe nainywa. Alishauriwa akalipia tangazo la shilingi 150,000 kwa kadi iliyotengenezwa kwenye simu ya mwanawe. Hakuambiwa kwamba wakati huo kulikuwa na VAT ya asilimia 18 juu yake. Tangu Julai 2022 sheria yetu inazitaka kampuni za nje zinazouza huduma za mtandaoni nchini ziitoze. Ikawa 177,000. Pakiti anauza 10,000, na akishatoa kahawa, gesi, mfuko na lebo anabaki na 3,000. Piga hesabu: ili tu airudishe hela ya tangazo alitakiwa kuuza pakiti 59.

Aliuza 11.

Ujumbe ulikuja mwingi, usidhani haukuja. "Bei?" kutoka Mbeya. "Mnaleta Mbagala?" Kusafirisha pakiti moja kwa basi hadi Dar ni kama nusu ya bei ya pakiti yenyewe, mteja akisikia hivyo ananyamaza. Tangazo liliachwa lionekane Tanzania nzima kwa sababu hakuna aliyemwelekeza kuchagua eneo. Mtandao ulifanya kazi uliyolipwa kufanya, yaani kuonyesha. Haukulipwa kuuza.

Na hata hiyo kuonyeshwa si bei ya kudumu. Nafasi ya tangazo kwenye simu ya mtu inauzwa kwa mnada, kila mara. Wewe na laki yako na nusu mnashindania jicho lile lile na kampuni za kubeti, benki na mitandao ya simu. Sisi watu wa Karatu mnada tunaujua. Ukienda kununua ng'ombe siku ambayo matajiri wote wameshuka, unarudi na mbuzi.

Lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Mteja wa biashara ndogo za huku kwetu haji kwa njia ya tangazo. Tazama barabara ya lami kutoka Makuyuni mpaka geti la Lodoare. Mtalii anayepita hapo safari yake imepangwa na kampuni ya Arusha miezi mingi kabla. Atalala Karatu usiku mmoja, alfajiri anakwenda kreta. Anaponunua kahawa, asali au kikapu, ananunua pale dereva aliposimamisha gari au kwenye duka la loji. Dereva ndiye tangazo lako. Mnunuzi wa jikoni la loji ndiye tangazo lako.

Mkulima wa vitunguu Mang'ola naye ni vile vile. Kinachompunja ni lumbesa, na dalali anayejua bei ya Arusha na Nairobi wakati yeye haijui. Anahitaji mizani na namba za simu za wanunuzi watatu tofauti. Picha ya kitunguu ikipendwa na watu elfu mbili haipunguzi lumbesa hata kidole kimoja.

Nitaambiwa ni ushamba, dunia iko kiganjani. Sawa. Sikatai mtandao, nakataa kuulipia kabla hujajua unalipia nini. Kuweka nyumba yako ya wageni kwenye ramani ya Google ni bure, na wageni wanaojitegemea wanaitumia kweli. Waombe waliolala vizuri waandike maoni. Status ya WhatsApp gharama yake ni bando. Booking.com wanakata kamisheni, mara nyingi kama asilimia 15, na inauma, lakini angalau wanakula baada ya wewe kula. Na yupo ambaye tangazo la kulipia linamfaa: anayeuza vifaranga au miche, mzigo upo tayari, eneo amelibana Karatu na Mto wa Mbu, na faida ya mteja mmoja anaijua. Huyo aanze na 10,000, aandike kila anayepiga simu na kila anayenunua, kisha aamue. Pesa iwe ya faida yake, siyo ya kikundi.

Msisahau pia Oktoba 29 mwaka 2025, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ukurasa wenye wafuasi elfu kumi ulikuwa kimya. Mwenye namba za wateja kwenye daftari alipiga simu ya kawaida.

Yule mama wa kahawa? Niliongozana naye kwenda loji mbili na pakiti nne za kuonja. Moja walitukatalia getini. Ya pili wanachukua pakiti 30 kwa mwezi, kwa 9,000, yaani faida 2,000 kila moja. Ilichukua miezi mitatu kuzifidia zile 144,000 zilizokuwa zimepotea.

Siku ya mnada unaofuata nitakuwa Karatu mjini. Anayefikiria kulipia tangazo aje na daftari lake la mauzo tupige hesabu pamoja. Asiye na daftari aje vile vile, tutaanza na hilo.