Spana Moja Yatosha

Maandiko ya miradi ya uhandisi siku hizi hayakosi kipengele cha uendelevu. Tatizo ni mahali kinapokaa: sura ya mwisho, michoro ikiwa imeshapitishwa na bei imeshapangwa. Msimamo wa toleo hili ni kwamba hapo tumeshachelewa.

Tazama pampu za mkono za vijijini. Umoja wa Mataifa ulipotangaza muongo wa maji, 1981 hadi 1990, pampu nyingi barani Afrika zilikuwa zimesimama, na si kwa udhaifu peke yake. India Mark II, kwa mfano, ni pampu imara kwelikweli. Lakini mpira wa pistoni ukilika, hubidi mabomba ya chuma yang'olewe kisimani, kipande baada ya kipande, kwa vifaa vizito na mafundi wa kutoka mbali. Gari la mafundi likikosa mafuta, kijiji kinarudi mtoni.

Wabunifu wa pampu ya Afridev, iliyokuzwa kwa majaribio ya Malawi na ya Kwale, pwani ya Kenya, walianza na swali hili: nani ataitengeneza, na kwa kifaa gani? Jibu ndilo lililochora pampu. Pistoni na vali ya chini huvutwa kwa ndani ya bomba, bomba lenyewe likibaki kisimani. Bomba ni la plastiki, halishiki kutu. Fito zake hunasana kwa kulabu. Spana moja yatosha kuifungua, na kule Kwale wanawake wa vijijini walifunzwa kazi hiyo wakaimudu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingepachikwa baadaye. Semina ya mafunzo haipunguzi uzito wa bomba la chuma.

Na Afridev yenyewe hukwama pale vipuri visipouzwa karibu. Hilo halivunji hoja, linaipanua: duka la vipuri nalo ni sehemu ya mtambo, na lipangwe pamoja nao.

Kwa hiyo neno letu ni kwa waandishi wa zabuni kabla ya wachoraji. Zabuni inayopima bei ya kununua peke yake humwadhibu mhandisi aliyefikiria mwaka wa kumi. Ombeni gharama ya kutunza, jina la kipuri na mahali kinapouzwa, tangu mchoro wa kwanza. Asiyeweza kujibu, mchoro wake haujakamilika.